Kirusi Chotara cha Noro: Jinsi ya Kukitambua Bila Kudanganywa na Sampuli

Mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo akinijia na kompyuta wazi mkononi, akisema "Dada, hiki ni kirusi kipya, polimerasi haiendani na ganda," huwa namuuliza swali moja tu: hizo jeni mbili umezisoma kwenye kipande kimoja au vipande viwili? Akijibu viwili, namrudisha kwenye friza. Mwongozo huu wa kutambua kirusi chotara, yaani kirusi kilichoungana kutoka virusi viwili tofauti, ni maelezo marefu ya sababu ya kumrudisha. Nimeuandika kwa wanaofanya kazi kwenye maabara za hali yetu: mashine ya PCR ya kuzalisha nakala nyingi za kipande cha jeni ipo, jeli ya kuonyesha urefu wa vipande ipo, vipande vinapelekwa kusomwa nje au vinasubiri MinION, kimashine kidogo cha kusoma nyuzi ndefu, ya kuazimana na idara ya jirani, na kompyuta ya uchambuzi ndiyo hiyo hiyo inayoandikia barua za likizo.

Tunazungumzia virusi vya noro, vile vya kutapika na kuharisha kwa ghafla. Albert Kapikian na wenzake walivionyesha kwa darubini ya elektroni mwaka 1972, kwenye sampuli zilizotokana na mlipuko wa 1968 katika shule moja ya mji wa Norwalk, Ohio. Makadirio ya dunia ni wagonjwa milioni 685 kwa mwaka, milioni 200 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5, na vifo vipatavyo 200,000, vingi vikiwa kwenye nchi zenye kipato kidogo. Kwa hiyo hata ukiwa na chumba kimoja cha maabara, sampuli hutakosa.

Ramani kwanza

Jenomu ya kirusi cha noro ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 7,500, na una maeneo matatu yenye maelekezo ya protini, yanayoitwa ORF. ORF1 ndilo refu kuliko yote. Linatoa protini za kazi za ndani, na mwishoni mwake kabisa ndipo ilipo polimerasi, kimeng'enya kinachonakili RNA. ORF2 linatoa VP1, protini ya ganda, ambayo kinga ya mwili hukutana nayo kwanza. ORF3 ni fupi, linatoa VP2, na kwa kazi yetu hii tunaliacha.

Fungua GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya jeni, utafute X86557. Hicho ni Lordsdale, kirusi cha GII.4 (majina ya aina nitayaeleza mbele) ambacho wengi hukitumia kuhesabia nafasi. Utaona ORF1 inaishia herufi ya 5104 na ORF2 inaanzia herufi ya 5085. Maeneo hayo mawili yamepandana: herufi 20 ni za huku na ni za huko pia. Sehemu kubwa ya virusi chotara vya noro vilivyowahi kuelezwa vimeungana hapo mpakani au jirani yake kabisa.

Sababu yake inaeleweka ukifuata polimerasi inavyofanya kazi. Mtoto akimeza virusi vya aina mbili kwa pamoja, au akipata cha pili kabla cha kwanza hakijamtoka, vyote viwili vinaweza kuingia seli moja ya utumbo. Polimerasi inaanza kunakili uzi wa kirusi cha kwanza, inafika mahali inauachia, inadaka uzi wa kirusi cha pili na kuendelea nao. Ni kama abiria anayebadili daladala: habadilii popote, anabadilia kwenye kituo ambacho njia zote mbili zinapita. Mpaka wa ORF1 na ORF2 ni kituo cha namna hiyo, maana herufi zake zinafanana mno hata kwa virusi ambavyo kwingine kote vimeachana sana.

Zinafanana kwa kuwa zina kazi. Kutoka hapo kirusi hutengeneza RNA yake fupi, ile inayobeba ORF2 na ORF3 tu. Jionee mwenyewe: jenomu ya GII.4 inaanza kwa GTGAATGAAGATGGCGTC. Shuka hadi mpakani, utazikuta tena GTGAATGAAGATGGCGTC, kama zilivyo. Hiyo ndiyo njia yangu ya haraka ya kujua nimesimama wapi kwenye mfuatano nisioufahamu. Nabonyeza Ctrl+F, natafuta ATGAAGATGGCGTC. Kwenye jenomu nzima ya GII.4 natarajia kuikuta mwanzoni na mpakani. Kwenye kipande cha PCR kilichovuka mpaka natarajia kuikuta mara moja. Nisipoiona kabisa, basi kipande hakijavuka, au nimekishika kinyume na inabidi nikigeuze kwanza, au ni aina nyingine yenye herufi moja mbili tofauti. Dakika moja ya kutafuta inaokoa asubuhi nzima ya kushangaa mti wa ukoo usioeleweka.

Jina lina pande mbili

Mfumo wa majina uliorekebishwa mwaka 2019 una makundi 10, GI hadi GX. Kwa binadamu utakutana hasa na GII, kisha GI. Jina kamili hutaja ganda kwanza, halafu polimerasi ndani ya mabano ya mraba ikiwa na herufi P: GII.4 Sydney[P16]. Ukisoma makala za zamani utakuta GII.Pe, hiyo sasa ni GII.P31.

Umuhimu wa kutaja pande zote mbili unaonekana vizuri kwa huyo huyo Sydney. Kilijitokeza Australia mwaka 2012, ganda la GII.4 likiwa limebeba polimerasi ya P31, na kikaenea dunia nzima. Mwaka 2015 huko Marekani ganda lile lile likaonekana na polimerasi nyingine, P16. Maabara iliyokuwa inasoma VP1 peke yake iliandika "GII.4 Sydney" kabla na "GII.4 Sydney" baada, isijue kwamba nusu ya kwanza ya kirusi imebadilishwa. Halafu majira ya baridi ya 2016 kuingia 2017, Ujerumani na China zikapata wimbi la GII.2[P16]. Ganda la GII.2 lilikuwa limezoeleka kwa miaka mingi bila kusumbua kiasi hicho. Kilichokuwa kigeni ni upande wa polimerasi. Wataalamu wamebishana kuhusu mchango wa P16 yenyewe katika mawimbi hayo, ila mjadala wenyewe usingekuwepo kama watu wangesoma upande mmoja.

Hapa niweke onyo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapochangamka kupita kiasi. Namba za pande mbili kutolingana hakumaanishi umegundua kitu. P31 haina ganda lenye namba 31 la kwendana nalo, kwa hiyo kila GII.4 Sydney[P31] duniani ina namba zisizolingana. Na hata pale uchotara upo kweli, mara nyingi ulitokea zamani, mbali, ndani ya mtu mwingine kabisa. Mtoto aliyelazwa wodini kwako alikipokea kirusi kikiwa tayari kimeungana. Ripoti yako iseme "aina chotara inayojulikana", basi. Kabla ya kusema zaidi ya hapo, tafuta mchanganyiko huo kwenye GenBank na kwenye zana za kutambulisha aina, ile ya RIVM, taasisi ya afya ya umma ya Uholanzi, na ile ya CDC ya Marekani. Zote mbili hazihitaji kompyuta kubwa: unabandika mfuatano, zinakupa aina ya ganda na ya polimerasi. Bando la kawaida linatosha.

Chukua kipande kinachovuka mpaka

Kipimo cha kugundulia noro, kile cha kusoma Ct (mzunguko wa PCR ambao kirusi kinaanza kuonekana; namba ikiwa ndogo, virusi ni vingi), hakitakusaidia kujua aina. Praima zake, vile vipande vifupi vya kuanzishia PCR, zimewekwa palepale mpakani, kwa GII ni takriban nafasi 5003 hadi 5100, kwa sababu ndipo herufi zinapofanana kwa virusi karibu vyote. Yaani mahali panapokuhakikishia kuwa kuna noro ndipo pasipoweza kukwambia ni noro gani. Kitumie kuchagua sampuli. Mimi napendelea zenye Ct chini ya 28 kwa kazi ya vipande virefu. Zikipita 32 naziacha kwa siku ya shida.

Kinyesi nakiyeyusha kwenye PBS, maji ya chumvi yenye bafa, kwa asilimia 10, nakizungusha kwenye sentrifuji, nachukua maji ya juu, natoa RNA kwa seti yoyote nzuri ya kutolea RNA iliyopo. Kinachobaki nakirudisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kwenye vichupa viwili tofauti. Vichupa viwili si anasa: kimoja ni cha leo, kingine ni cha siku utakapotakiwa kuthibitisha, na hicho cha pili kisifunguliwe mpaka siku hiyo.

Kwa GII tumia praima MON431 na G2SKR, zitakupa kipande cha herufi 570. Kwa GI tumia MON432 na G1SKR, herufi 579. Uzuri wa praima hizi ni kwamba moja inakaa ndani ya polimerasi na nyingine ndani ya ganda, mpaka uko katikati. Ukitoa praima zenyewe, unabaki na herufi kama 245 za upande wa polimerasi na kama 280 za upande wa ganda. Si nyingi, lakini zinatosha kutaja aina zote mbili, na muhimu kuliko yote, zimetoka kwenye uzi mmoja.

Weka kichupa cha maji matupu tangu hatua ya kutoa RNA, si kwenye PCR peke yake. Na kama umeme wa eneo lenu una tabia ya kukatika jioni, anza PCR asubuhi. Mashine iliyozimika mzunguko wa 25 na kuwashwa tena inazalisha vipande nusunusu, na vipande nusunusu, kama nitakavyoeleza, ndivyo vinavyotengeneza machotara ya uongo.

Mshukiwa wa kwanza: sampuli yenye virusi viwili

Sasa tumefika penyewe. Mara nyingi kinachoitwa kirusi chotara kwenye maabara changa ni sampuli moja yenye virusi viwili. Mazingira yetu yanaruhusu hilo. Mtaa usio na maji salama, choo kinachofurika mvua ikinyesha, mtoto anayetambaa: ni rahisi sana kubeba aina mbili wiki moja. Chaza nao, kwa vile huchuja maji mengi ya bahari na kukusanya kila kilichomo, huleta milipuko ambayo mgonjwa mmoja hukutwa na aina kadhaa. Hali hiyo hiyo inayowezesha uchotara wa kweli ndiyo inayotengeneza uchotara wa uongo, na ndiyo maana huwezi kuamua kwa kuangalia mazingira.

Mtego wenyewe unafanya kazi hivi. Unapiga PCR moja kwa praima za polimerasi, na nyingine kwa praima za ganda. Kila jozi ya praima ina upendeleo wake. Ya kwanza inakipenda zaidi kirusi cha kwanza, ya pili inakipenda cha pili. Unapata majibu mawili safi, mazuri, kila moja likiwa la kweli, kisha unayaunganisha kwenye daftari na kuzaa kirusi ambacho hakijawahi kuwepo.

Nitoe mfano wa sampuli moja tuliyoifanyia kazi, ya mtoto wa miezi 14, Ct 24. Praima za polimerasi zilitoa P31. Praima za ganda zilitoa GII.2. Kwa karatasi hiyo ni GII.2[P31], mtu akimbie kuandika makala. Tulipopiga kipande kinachovuka mpaka, kilisomeka GII.4 Sydney[P31], kirusi cha kawaida kabisa. Lakini kromatogramu, ule mchoro wa vilele ambao kila kilele ni herufi iliyosomwa, haikuwa safi. Chini ya vilele virefu kulikuwa na vilele vifupi, na si kwa kubahatisha: vilitokea kwenye zile nafasi ambazo GII.4 na GII.2 hutofautiana, na herufi zake zilikuwa za GII.2. Mtoto alikuwa na virusi viwili, na praima za ganda zilikipenda kile kilichokuwa kichache. Hapakuwa na chotara mpya.

Kwa hiyo usiisome kromatogramu kwa kuangalia tu herufi ambazo programu imekuandikia. Ifungue, vuta karibu, pita nafasi moja moja. Vilele viwili vilivyosambaa ovyo mwanzoni na mwishoni mwa usomaji ni uchafu wa kawaida. Vilele viwili vinavyojitokeza katikati ya sehemu safi, tena kwenye herufi ya tatu ya kodoni (kundi la herufi tatu linalosomwa pamoja) mara kwa mara, hao ni wageni wawili chumba kimoja. Wapo wanaoweka herufi za mashaka kama R au Y na kuendelea na mti wa ukoo. Mimi siwezi kuupokea mti wa namna hiyo.

Mshukiwa wa pili: PCR yenyewe

Hata kipande kimoja kinachovuka mpaka kinaweza kudanganya. Kwenye sampuli yenye virusi viwili, polimerasi ya kwenye kichupa inaweza kuishia njiani kabla ya kumaliza kipande. Mzunguko unaofuata, hicho kipande kisichokamilika kinajishikiza kwenye uzi wa kirusi kingine na kutumika kama praima. Kitajishikiza wapi kwa urahisi zaidi? Mpakani, kwenye herufi zinazofanana. Chotara iliyozaliwa ndani ya plastiki inaungana palepale inapoungana ya kwenye utumbo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Dawa yake ni kadhaa na zinafanya kazi kwa pamoja. Punguza mizunguko, kama umezoea 40, shuka mpaka kiasi kidogo kinachokupa mstari unaoonekana kwenye jeli. Ongeza muda wa kurefusha, mpe kimeng'enya nafasi ya kumaliza. Tumia kimeng'enya chenye usahihi mkubwa ukiweza kukipata. Zimua RNA mara 10 na mara 100 urudie: kirusi kilicho kingi kitabaki vile vile, mazao ya bahati ndani ya kichupa yatapungua au kubadilika.

Kisha rudi kwenye kile kichupa cha pili ulichokificha. Toa RNA upya, siku nyingine, ikiwezekana kwa mkono wa mtu mwingine na bila sampuli nyingine za noro mezani. Ukipata mchanganyiko ule ule, herufi kwa herufi, sasa una jambo la kuzungumza.

MinION inasaidia sana hapa kwa sababu kila uzi unasomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, hivyo unaona polimerasi na ganda zikiwa zimeshikana badala ya kuziunganisha kwa hesabu. Mashine za nyuzi fupi, ambazo hukatakata jenomu na kuiacha programu ishone, ndizo zinazoweza kushona kiwiliwili cha huyu na kichwa cha yule bila kukwambia. Hata hivyo kama ulipiga PCR kabla ya MinION, chotara za kwenye kichupa zitakuwemo pia. Angalia uwiano: chotara ya kweli itakuwa kwenye nyuzi nyingi na zote zitaungana eneo moja, ya kichupa itakuwa kwenye chache, huku wazazi wote wawili wakionekana kwa wingi.

Ushahidi ninaouheshimu kuliko wote hauhitaji mashine ya ziada: mgonjwa wa pili. Kirusi kile kile chenye pande zile zile, kutoka kwa mtu mwingine wa mlipuko huo huo, kilichotolewa RNA kivyake. Ni vigumu sana PCR ibahatishe jambo moja kwenye vichupa viwili vya watu wawili. Ndiyo maana kwenye mlipuko wa shule au harusi naomba sampuli tano au sita hata kama wauguzi wananuna.

Miti miwili

Ukishavuka hayo, uchambuzi wa kompyuta ni sehemu nyepesi. Chukua mifuatano ya kumbukumbu ya aina mbalimbali, ongeza wako, ipange sambamba kwa programu ya MAFFT. Kisha ikate mpakani, ubaki na faili mbili: ya polimerasi na ya ganda. Jenga mti wa kila faili kwa MEGA au IQ-TREE, ukitumia mifuatano ile ile pande zote mbili, na iweke miti hiyo ubavu kwa ubavu. Kirusi kisicho chotara kitakaa na ndugu wale wale kwenye miti yote miwili. Chotara atahama ukoo. Matawi yenye butistrapu (alama ya uhakika wa tawi, kati ya 0 na 100) chini ya 70 usiyatumie kumhukumu mtu; kwenye vipande vifupi vya herufi 245 yatakuwa mengi, na kuhama kwenye tawi dhaifu si kuhama.

Programu ya SimPlot inachora mfanano wa kirusi chako na wazazi wanaodhaniwa, kutoka mwanzo hadi mwisho wa mfuatano, na mahali mistari inapokatana ndipo pa kutazama. Kwa kawaida dirisha, yaani urefu unaolinganishwa kwa mara moja, ni herufi 200 na hatua ya kulisogeza ni 20. Sasa fikiri: ukiwa na kipande cha 570, dirisha la 200 linakula zaidi ya theluthi yake. Mchoro utatoka, utapendeza, na hautakwambia kitu. Subiri upate angalau herufi elfu moja na zaidi, au jenomu nzima. Kwa jenomu nzima una msaada mmoja: RNA ya noro ina mkia wa A nyingi, kwa hiyo praima ya T nyingi inaweza kuanzishia cDNA, nakala ya DNA ya hiyo RNA, na zile herufi za GTGAATGAAGATGGCGTC za mwanzo wa jenomu ndizo watu wengi wanazowekea praima ya upande wa pili. Kumbuka tu kuwa zipo mpakani pia, kwa hiyo usishangae kuona kwenye jeli mstari mfupi wa ORF2 na ORF3 chini ya ule mrefu.

RDP, programu ya Darren Martin wa Cape Town na wenzake, inapitisha mifuatano kwenye njia kadhaa za kutafuta uchotara kwa mpigo mmoja: RDP yenyewe, GENECONV, BootScan, MaxChi, Chimaera, SiScan na 3Seq. Inaendeshwa kwenye Windows, haina malipo, na kompyuta ya ofisi inaimudu. Tukio lililoonwa na njia moja tu mimi silihesabu. Na pale inapokuandikia "mzazi", soma "ndugu wa karibu zaidi aliyemo kwenye faili lako". Ukiweka mifuatano 12 uliyoipakua kwa haraka, mzazi atakuwa mmoja wa hao 12, apende asipende.

Usitaje herufi moja

Kosa la kawaida kwenye ripoti ni kuandika "viliungana kwenye herufi ya 5091". Weka mifuatano mitatu mmoja chini ya mwingine: mzazi wa polimerasi, chotara, mzazi wa ganda. Weka alama kwenye nafasi ambazo wazazi wanatofautiana tu, zingine zote hazina habari. Utashuka na chotara akifuata mzazi wa kwanza, tofauti baada ya tofauti, hadi tuseme nafasi ya 5066. Kisha unaingia mpakani ambako wazazi wote wawili wana herufi zile zile, hakuna alama hata moja. Tofauti inayofuata labda iko 5113, na hapo chotara amekwisha kuwa upande wa pili. Kati ya 5066 na 5113 badiliko lilitokea, na hakuna programu duniani inayoweza kujua ni herufi ipi, kwa sababu taarifa yenyewe haimo kwenye mfuatano. Andika masafa hayo yote.

Neno fupi kuhusu rota, kwa kuwa mara nyingi zinaletwa kwenye boksi moja. Virusi vya rota vina jenomu ya vipande 11 vya RNA ya nyuzi mbili, hivyo vikikutana kwenye seli hubadilishana vipande vizima. Hutafuti mahali pa kuungia, unataja asili ya kila kipande kati ya vyote 11. Malawi, baada ya chanjo kuanza mwaka 2012, waliona G1P[8] (G na P ni aina za protini mbili za nje za rota) zenye vipande vingine vya ukoo wa DS-1, wakati G1P[8] za kawaida ni za ukoo mwingine, uitwao Wa. Aliyesoma G na P peke yake asingeona. Mtego wa sampuli yenye virusi viwili uko pale pale, tena ni mbaya zaidi, kwa sababu vipande havijashikana na hakuna kipande cha PCR kinachoweza kuvuka kutoka kimoja hadi kingine.

Unapopeleka mfuatano wako GenBank, jina la kirusi libebe mwenyeji, nchi, mwaka, aina zote mbili na namba ya sampuli ya maabara, kwa mfano Hu/TZ/2021/GII.4 Sydney[P16]/ ikifuatiwa na namba yenu. Umri wa mgonjwa kwa miezi na mkoa vinaruhusiwa kama kibali chenu cha maadili kinasema hivyo. Jina la mtoto, kijiji na namba ya faili la hospitali visionekane popote, hata kwenye jina la faili unalopakia. Peleka mfuatano mmoja unaovuka mpaka, usiukate vipande viwili vyenye namba mbili tofauti, maana mtu wa mbele atakayeupakua hatajua kwamba vilitoka kwenye uzi mmoja.